Alhamisi Ambayo Taa ya Kijani Haikuwaka

"Watu huenda kwa mnasihi wakazungumze," dada mtu alipenda kusema wakiwa mezani. "Hawa wa mdogo wangu wanakwenda kunyamaza. Tena wanapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, wakanyamaze!"

Mdogo mtu, ambaye ndiye mwenye habari hizi, hakukasirika. Alitafuna, akameza, akaweka kijiko chini, ndipo akajibu.

"Hawanyamazi muda wote. Alhamisi iliyopita walinyamaza dakika thelathini na nne kati ya sitini."

"Haya mama, yaishe."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwembamba, mwenye jozi tatu za viatu vya aina moja na rangi moja. Kazi yake ilikuwa kuwapa ushauri watu wazima wenye usonji, na usonji alikuwa nao yeye mwenyewe. Alizaliwa nao. Kuujua, alikuja kuujua akiwa na miaka arobaini na mbili, tena kwa njia ya barua ya malalamiko aliyoiandika kwa mkono wake.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa masijala ya kituo hichohicho cha afya alichotolea ushauri, kwa miaka kumi na minane. Faili likipotea, alifumba macho, akakumbuka lilikuwa na doa la chai upande gani, akaenda kulitoa. Kwa mafaili hakuwa na mpinzani. Kwa watu ndiko kulikokuwa na kazi. Ukimwuliza "Habari za nyumbani?" alikupa habari za nyumbani: bomba la jikoni linavuja tangu Jumanne, dada ana mafua ila yanapungua, paka wa jirani amezaa watatu na mmoja hana mkia. Wafanyakazi wenzake wakajifunza kumpungia mkono kwa mbali na kushika njia yao.

Na hakuanzia ukubwani. Akiwa na miaka minane bibi yake alimwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto akachukua karatasi, akazunguka mtaa mzima kukagua miguu ya watoto watundu. Jioni alirudi na matokeo: "Kumi na mmoja, bibi. Wote wazima." Bibi alicheka mpaka akashika ukuta, lakini methali hakumwambia tena.

Sasa, ile barua. Siku moja aliletewa kazi ya kuchapa kijitabu cha kurasa nane kuhusu usonji kwa watu wazima. Alichapa kurasa tano, akasimama. Akavuta karatasi safi, akamwandikia daktari aliyekitunga: "Ndugu Daktari, nimesoma kijitabu chako. Ukurasa wa pili, wa tatu na wa tano unanieleza mimi. Sikumbuki kukupa ruhusa. Aidha, ukurasa wa nne una koma iliyozidi."

Daktari akamwita. Wakakaa saa mbili, wakaonana tena mara tatu. Mwisho alitoka na karatasi yenye muhuri, akaenda moja kwa moja masijala, akalia kidogo nyuma ya safu ya herufi K, maana huko huwa hapiti mtu. Haikuwa huzuni. Alijiona kama faili lililokaa miaka arobaini kwenye kabati lisilo lake, na leo limeonyeshwa rafu yake.

Akasoma unasihi miaka miwili, madarasa ya jioni. Nadharia alipata alama za juu. Vitendo vilimtoa jasho. Mwalimu alifundisha kwamba mnasihi mwema humtazama mteja machoni na kutikisa kichwa kuonyesha anasikiliza. Yeye akauliza, kila baada ya muda gani? Mwalimu akasema basi tu, inavyokuja. Kwake haikuja, hivyo akaipangia sekunde sita. Mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akiigiza mteja mwenye majonzi alisimama katikati ya majonzi yake, akamwuliza, "Samahani dada, shingo inakuuma?"

Basi alipopewa chumba chake aliamua kukipanga namna ambayo yeye mwenyewe angependa kupokewa. Viti vilitazama dirisha, havikutazamana. Saa ya ukutani aliitoa betri, kwa sababu ya ule mlio wake, akatumia ya mkononi. Mezani palikuwa na kadi za rangi ambazo mtu aliweza kuinua badala ya kusema, na wateja waliruhusiwa kutembea na kadhaa. Ya njano iliandikwa "Bado kidogo." Ya bluu, "Leo sitaki kusalimiwa." Na ukutani palikuwa na karatasi ya kanuni kumi na mbili, kila mteja akiwa na nakala yake. Ya kwanza ilisema: "Taa ya kijani juu ya mlango ikiwaka, ingia. Isipowaka, usiingie." Ya tatu: "Mlango hufunguliwa na anayeingia, si aliye ndani," kwa kuwa wapo watu ambao mlango ukifunguka ghafla mbele yao, siku yao nzima inaharibika. Ya nne: "Si lazima useme." Ya saba: "Una haki ya kutokuja, na hutaulizwa kwa nini."

Kanuni hizi aliziheshimu kuliko wateja wenyewe walivyoziheshimu. Na hapo ndipo Alhamisi tunayoisimulia ilipomnasa.

Alhamisi saa nne asubuhi ilikuwa zamu ya kundi. Walikuwa wanne. Mtunza Stoo, wa kiwanda cha rangi, mwanamume wa miaka hamsini aliyeandika kila kitu kwenye daftari lenye jalada gumu. Fundi Lifti, ambaye mwaka jana alisimamishwa kazi wiki mbili kwa kubandika tangazo kwenye jengo la watu: "Lifti hii itakwama leo kabla ya saa sita." Ilikwama saa tano na robo. Mwokaji, mama wa miaka arobaini na ushei, aliyeoka mikate tangu alfajiri na aliyekuwa msemaji wao mkuu. Na msichana waliyemwita Kimya, fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Yeye alishona zipu za sketi, zipu tu, na kwa wiki kumi na moja alizohudhuria hakuwahi kutamka neno. Jina la Kimya alilichagua mwenyewe, kwa kulionyesha kwenye karatasi.

Tatizo lilikuwa jirani. Daktari wa Meno, ambaye chumba chake kiligusana ukuta na cha Mnasihi, alitaka nafasi ya kiti cha pili. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye sauti ya mnadani, na hakuwa na ubaya na mtu. Ila kila alipopita pale aliona wateja wanne wanaingia kimya na kutoka kimya, na mle ndani hasikii kitu. Akamwambia Mkuu wa Kituo, "Mzee, mimi wangu angalau wanapiga kelele. Unajua kazi inafanyika."

Mkuu wa Kituo akaomba mkaguzi kutoka makao makuu. Mkaguzi angekuja Alhamisi, angekaa, angejaza fomu. Fomu ikiwa mbaya, chumba kinakwenda kwa meno, na Mnasihi anarudi masijala.

Mnasihi, kama desturi yake, aliwaambia wateja wiki moja mapema. Aliwapa na karatasi: "Alhamisi ijayo atakuja mkaguzi. Atafika saa nne na nusu akiwa na kitambulisho shingoni. Ataketi pembeni, ataandika. Hatawauliza kitu. Asiyetaka kuonwa naye, asije." Wakasoma. Wakazikunja, wakaondoka nazo. Dada mtu aliposikia alishika kiuno.

"Yaani umewaambia wasije?"

"Nimewaambia wasiotaka wasije."

"Mdogo wangu, hao wote ni wasiotaka! Utakuja kukaa na mkaguzi mnaangaliana."

"Hatutaangaliana. Viti vinatazama dirisha."

Alhamisi ikafika. Saa tatu na nusu Mnasihi aliingia chumbani, akapanga viti vinne, na cha tano pembeni. Mashine ya Daktari wa Meno ilipoanza kulia, akavaa vizibo vyake vya masikio, vile vikubwa wanavyovaa wakata vyuma, ambavyo yeye huvivua mteja wa kwanza anapoingia. Saa nne kamili akabonyeza swichi.

Swichi ilikuwa ndani, balbu ilikuwa nje, na mlango haukuwa na kioo. Balbu iliwaka mara moja kama mtu anayekonyeza, ikaungua. Hilo yeye alikuja kulijua baadaye. Alichojua wakati ule ni kwamba amewasha taa, na hakuna aliyeingia.

Saa nne na dakika moja, kimya. Dakika tano, kimya. Kwa wiki kumi na moja hakuna hata mmoja aliyewahi kuchelewa hata nusu dakika. Ilipofika dakika ya kumi akajua maana yake: wametumia haki yao. Angeweza kufungua mlango akachungulia, lakini kanuni ya tatu. Angeweza kupiga simu, lakini kanuni ya saba. Alizitazama kanuni zake ukutani, akahisi kama mtu aliyejenga nyumba imara akasahau kuweka mlango wa kutokea.

Akavuta karatasi. Akaandika: "Waliohudhuria: hakuna. Sababu: ujio wa mkaguzi." Akaisoma. Akapanga kadi upya, bluu juu ya njano, kisha njano juu ya bluu. Alikumbuka safu ya herufi K kule masijala, jinsi palivyo na giza zuri, na kwa mara ya kwanza giza lile halikumvutia. Hakutaka kurudi huko. Alitaka wale wanne, na kunyamaza kwao kwa dakika thelathini na nne.

Saa nne na nusu ikafika. Mkaguzi naye hakuja.

"Hata yeye amekimbia," alijiambia.

Sasa, yaliyotokea upande wa pili wa mlango aliyajua kutoka kwenye daftari la Mtunza Stoo, na kwa kuwa Mtunza Stoo haongezi chumvi hata kwenye chakula, tunaweza kuyaamini.

Wateja walikuwapo wote wanne tangu saa tatu na dakika arobaini na tano, wamekaa kwenye benchi la korido. Dakika tano baadaye akapanda mwanamume mnene mwenye mkoba, anahema. Akakaa mwisho wa benchi bila kumsalimia mtu, akalegeza kamba za viatu. Mwokaji akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Huyu ni mwenzetu," akawaambia wengine. Kisha akamgeukia. "Karibu. Usitupe mkono."

"Sikuwa na nia ya kuwapa mkono," alisema yule mtu. "Ngazi zimenimaliza."

"Ndiyo maana nikasema ni mwenzetu."

"Hapana, mama. Mimi ni mkaguzi."

Mtunza Stoo akafungua karatasi yake, akapitisha kidole kwenye mstari. "Mkaguzi anafika saa nne na nusu, ana kitambulisho shingoni. Sasa ni saa tatu na dakika hamsini na mbili, na shingo yako ni tupu."

"Kitambulisho kiko mfukoni."

"Imeandikwa shingoni."

Yule mtu alijipapasa shingo. Alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi miaka ishirini, na hakuwahi kukaguliwa. "Haya, basi mimi ni nani?"

"Mpaka saa nne na nusu, wewe ni mgeni," alisema Mtunza Stoo, akaandika: "Mgeni mmoja. Viatu vinambana."

Mwokaji akampa kadi ya bluu ya ziada. Mgeni alikuwa bado anaisoma, Daktari wa Meno akatokea mlangoni kwake na glavu mikononi. "Jamaniii! Habari za asubuhi? Mbona mmekaa kama mnasubiri kuzika?" Wote watano wakainua kadi kwa pamoja. "Leo sitaki kusalimiwa." Daktari akarudi ndani taratibu, akafunga mlango. Mgeni akaitazama ile kadi, mbele na nyuma, kama mtu aliyeachiwa urithi.

Saa 4:00, daftari linasema. Taa haijawaka. Saa 4:03. Taa haijawaka. Saa 4:05. Taa haijawaka.

Saa 4:06 Fundi Lifti akasema, huku akiitazama sakafu, "Labda leo hataki watu."

"Ana haki," alisema Mwokaji.

"Ni kwa ajili ya huyo mkaguzi. Mimi nimekosa usingizi siku tatu. Nikasema sitakuja."

"Mimi nilitapika. Nilitapika Jumanne, nikatapika jana. Mbona umekuja?"

"Nilifikiri Mnasihi atahesabu viti." Fundi Lifti akakuna goti. "Akiona kimoja kitupu, atasumbuka mpaka Alhamisi nyingine."

"Hata mimi viti ndivyo vilivyonileta," alisema Mtunza Stoo. Kisha akaandika: "Tunazungumza wenyewe. Haijawahi kutokea." Maana kwa wiki zote hizo kila mmoja alikuwa akizungumza na dirisha, Mnasihi ndiye akiyapokea na kuyapeleka kwa mwingine, kama mhudumu wa mezani.

Wakaendelea. Fundi Lifti akasimulia habari ya tangazo lake. "Niliandika kweli tupu. Ikakwama. Wakanikasirikia mimi badala ya kuikasirikia lifti." Mgeni akacheka mpaka mkoba ukadondoka, kisha akawaambia kwamba yeye kila anapoingia mahali watu hunyamaza, na akitoka tu huwasikia wanacheka.

"Sisi tulishanyamaza kabla hujaja," Mwokaji alimtuliza. "Usijipe ukubwa."

Saa nne na nusu Mtunza Stoo akatazama saa. "Sasa unaweza kuwa mkaguzi."

Yule mtu akatoa kitambulisho mfukoni, akakivaa. Wote wanne wakasogea mbali naye kwenye benchi, kiasi cha shibiri mbili.

"Zamani ulikuwa afadhali," alisema Mwokaji.

"Lakini ndugu zangu," mkaguzi akasema, "kwa nini hamgongi mlango?"

"Haijaandikwa."

"Taa je, haiwezi kuwa na hitilafu?"

Wakatazamana, au tuseme walitazama viatu vya wenzao. Ndipo ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeijua, nyembamba lakini imenyooka.

"Balbu imeungua. Niliiona. Saa nne kamili."

Alikuwa Kimya. Mtunza Stoo alivunja ncha ya penseli.

"Sasa mwanangu," Mwokaji akasema polepole, "mbona hukusema muda wote huu?"

"Nilikuwa nasubiri mmalize kuzungumza."

Fundi Lifti hakuwa mtu wa kushangaa palipo na kazi. Akapekua begi lake la zana, akatoa balbu mpya. Nyeupe. Hapo mjadala ukaanza, kwa kuwa kanuni ya kwanza inasema taa ya kijani. Kimya akatoa kipande cha kitambaa cha sketi, cha kijani, ili waifunike. Fundi Lifti akakataa: kitambaa juu ya balbu, katika jengo lenye watu, yeye akiwa hai? Haiwezekani. Mwokaji akasema basi warudi nyumbani, waje wiki ijayo.

Mkaguzi akashusha pumzi. Akafungua mkoba, akatoa kalamu yake ya wino wa kijani, ile nene ya kukagulia, ambayo kwa miaka ishirini ilikuwa imetia alama kwenye makosa ya watu. Akaichukua ile balbu, akaanza kuipaka. Wakamsimamia, wakimwonyesha palipobaki peupe. Kisha Fundi Lifti akapanda juu ya benchi, akaishika balbu kwa kitambaa cha Kimya, akaifunga. Saa nne na dakika arobaini na tatu taa ikawaka, kijani chenye mawingu.

Wakaingia.

Mnasihi alivua vizibo, akawatazama wote watano. "Saa nne na dakika arobaini na tatu," alisema.

"Taa imewaka sasa hivi," alijibu Mtunza Stoo.

"Niliiwasha saa nne."

"Ndani uliiwasha. Nje haikuwaka."

Wote wakaigeukia swichi na kuitazama vibaya. Mnasihi akavihesabu viti, vyote vimekaliwa. Akaichukua ile karatasi aliyoandika "hakuna", akaikunja mara nne. Angependa kukaa na furaha yake kidogo, lakini mkaguzi alikuwa ameshafungua fomu, na mlangoni walikuwa wameshasimama Mkuu wa Kituo, aliyekuja kusikia matokeo, na Daktari wa Meno akiwa na futi ya kupimia mkononi.

"Swali la kwanza," alisema mkaguzi. "Kikao kilianza saa ngapi?"

Mtu mwingine angekohoa. Mtu mwingine angesema kilianza kwa kuchelewa kidogo. Mnasihi hakuwa na mtu mwingine ndani yake.

"Leo hakukuwa na kikao. Nilikaa peke yangu, nimeziba masikio."

Daktari wa Meno akaanza kufungua futi.

"Kikao kilianza saa nne na dakika sita," Mtunza Stoo alisema, akiinua daftari. "Mnasihi hakuhudhuria."

Akasoma kurasa tatu. Alisoma kila kitu, pamoja na kutapika kwa Mwokaji na viatu vya mgeni. Alipofika pale Kimya aliposema, Mnasihi alishika meza.

Mkuu wa Kituo alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na jengo dogo. "Kwa hiyo wamezungumza vizuri," alisema, "bila mnasihi na bila chumba."

"Si ndiyo hivyo!" Daktari wa Meno alidakia. "Mzee, hawa wanachohitaji ni benchi. Wabaki nalo, nami nitawaongezea mto."

Wote wakamtazama Mnasihi ajitetee. Yeye aliifikiria ile hoja kutoka mwanzo hadi mwisho, akatafuta ufa, hakuupata.

"Hoja hiyo ina mantiki," alisema.

Ndipo Kimya akasimama. Hakumtazama mtu, alilitazama dirisha, kama walivyozoea.

"Alhamisi yupo. Kila Alhamisi yupo. Tulikaa nje kwa sababu yeye yumo ndani. Asingekuwemo, tungeondoka saa nne na dakika moja."

Akakaa.

Mwokaji akapangusa pua kwa kiganja. Fundi Lifti akasema, "Ni kweli," akiiambia sakafu. Futi ya Daktari wa Meno ikajivuta yenyewe na kurudi ndani ya kasha lake kwa kishindo, wote wakaruka, naye akasema samahani, kwa sauti ya chini kuliko zote alizowahi kutoa katika jengo lile.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Aliomba daftari aliambatanishe na fomu. Mtunza Stoo alikataa katakata kutengana nalo, ikabidi asindikizwe nalo mpaka kwenye mashine ya kutoa nakala, akasimama hapo akihesabu kurasa.

Jioni Mnasihi alimweleza dada yake yote, kwa mpangilio, na dakika zake.

"Ngoja kwanza," dada mtu alisema. "Mtu anakunyang'anya chumba, wewe unamwambia ana mantiki?"

"Alikuwa nayo."

"Ee Mungu nipe subira." Lakini alikuwa anacheka, na macho yamemlowa. "Na huyo binti! Ndiyo maana wakasema, kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Haukuwa mkuu, dada. Mle chumbani alisema maneno kumi na tisa."

"Umeyahesabu?"

"Nimeyaandika."

Dada mtu akasogeza bakuli, akamwekea mdogo wake mchuzi pembeni, usiguse wali, kama anavyopenda. Hilo la wanaokwenda kunyamaza hakulirudia siku ile.

Barua ikaja baada ya siku kumi na mbili, ishara ya kwanza kwamba makao makuu walikuwa wameguswa, maana huchukua miezi. Katika vipengele kumi na kimoja vya fomu, Mnasihi alikuwa amepata sifuri tisa. "Je, mnasihi alizungumza na wateja?" Sifuri. "Je, wateja walimtazama mnasihi?" Sifuri. Chini kabisa, kwa wino wa kijani: "Huduma iendelee katika chumba hichohicho. Balbu ibadilishwe." Daktari wa Meno alipewa sehemu ya stoo ya chini kwa ajili ya kiti chake cha pili, akaipenda, kwa kuwa ina mwangwi. Mtunza Stoo aliorodhesha mali ya chumba upya, akaandika: "Kadi ya bluu moja haijarudi. Anayo mkaguzi."

Kanuni ya kumi na tatu ikabandikwa: "Taa isipowaka kwa dakika tano, gonga."

"Mara ngapi?" aliuliza Mtunza Stoo.

"Mara tatu."

"Kwa nguvu gani?"

Wakafanya mazoezi, na hilo likachukua kikao kizima.

Fundi Lifti naye alifunga balbu ndogo ndani, juu ya swichi, ili ya nje ikiwaka na ya ndani iwake, kusiwe na ubishi. Alhamisi iliyofuata, saa nne kamili, Mnasihi alibonyeza swichi. Ya ndani ikawaka. Akasubiri. Dakika moja, hakuna. Dakika tatu. Ya ndani inawaka vizuri tu. Ilipofika dakika ya tano akavua vizibo, akausogelea mlango wake mwenyewe, akagonga mara tatu kutoka ndani ili asimshtue mtu, akaufungua.

Walikuwa kwenye benchi, wote wanne, chini ya taa ya kijani inayowaka kama kawaida. Kimya alikuwa katikati ya habari fulani ya zipu iliyoshonwa kichwa chini, mikono yake inaonyesha, na wenzake wamemsogelea. Mtunza Stoo alimwona Mnasihi mlangoni. Aliinua kadi ya njano.

"Bado kidogo."

Mnasihi akafunga mlango polepole, akarudi kukaa, na hakuvaa tena vizibo.